Maji ya vuguvugu yanatosha: umeme wa kupoza seva unapotelea wapi

Kuna kitu kinaniuma kwenye hii kazi ya kupoza seva na leo nimeamua nikiandike chote. Seva zikipata joto, chipu zikianza kujipunguzia spidi, mtu wa kwanza kuingia chumba cha mitambo anakimbilia chila, yaani ile mashine ya kupoza maji kwa kompresa, na kushusha nyuzi za maji. Yalikuwa 20 anapeleka 18, wiki ijayo mwingine anapeleka 16, na hakuna anayerudi baadaye kuyapandisha. Joto linashuka kweli, kila mtu anaridhika, na tatizo lenyewe limebaki palepale limefunikwa na bili ya umeme. Mimi msimamo wangu ni kwamba ukiona mfumo wa maji unadai maji ya baridi ndo seva ziishi, basi kuna mahali njiani joto linakwama, na kazi ya fundi ni kupatafuta hapo mahali. Chila inalipa hilo deni usiku na mchana bila kulimaliza.

Kwanza tuelewane kwanini tunatumia maji. Kilo moja ya maji ukitaka kuipandisha nyuzi moja inameza kilojuli 4.18 hivi, hewa inameza kilojuli 1 tu, alafu hewa ni nyepesi mno, mita moja ya ujazo ina kilo 1.2 wakati maji yana kilo 1,000. Ukizidisha unakuta kwa ujazo uleule maji yanabeba joto karibu mara 3,500 kuliko hewa. Kwa vitendo ni hivi, kilowati moja ya joto ukiruhusu hewa ipande nyuzi 10 unatakiwa kupitisha lita 83 za hewa kila sekunde, kwa maji na nyuzi zilezile 10 ni lita 1.4 kwa dakika. Sasa H100 ya Nvidia, ile ya SXM, ambayo ni GPU moja, yaani chipu ya kazi za AI, peke yake inafika wati 700, na raki, yaani kabati zima la seva, ya GB200 NVL72 inacheza kwenye kilowati 120. Kwa hewa hiyo raki moja ingedai mita za ujazo 10 kila sekunde, kwa maji ni lita 172 hivi kwa dakika, kitu ambacho mabomba ya kawaida yanakimudu. Kwahiyo suala la kama tutumie maji kwa mashine za AI limeshaisha, tunabaki na suala la kuyatumia vizuri, na hapa ndo naona watu wengi wananunua vifaa vya gharama kubwa alafu wanaviendesha kama bado wanapoza kwa upepo.

Joto likitoka kwenye chipu mpaka lifike hewa ya nje linashuka ngazi. Linatoka kwenye silikoni, linapita kwenye pesti, ile dawa laini ya kupitisha joto inayopakwa juu ya chipu, linaingia kwenye bamba la shaba lililokaa juu ya chipu, linaingia kwenye maji yanayozunguka ndani ya seva, hayo maji yanaenda kwenye CDU, yaani ule mtambo wenye pampu na kibadilisha joto unaotenganisha maji ya seva na maji ya jengo, alafu maji ya jengo yanapanda mpaka kwenye rejeta kubwa za nje na hapo joto linaachiwa. Kila hatua inadai nyuzi zake, kwasababu joto halivuki kutoka kitu kimoja kwenda kingine kama hamna tofauti ya nyuzi kati yao. Jumlisha madai yote ya njiani, utajua hewa ya nje inaruhusiwa kuwa na joto kiasi gani kabla hujalazimika kuwasha chila.

Chukua mfano huu, namba ni za mfano ila hesabu ni ya kweli. Una chipu ya wati 1,000 na hutaki uso wake uvuke nyuzi 75. Pesti na bamba viko vizuri, kwa pamoja vinadai nyuzi 0.03 kwa kila wati, manake nyuzi 30. Basi maji yanaweza kuingia kwenye bamba yakiwa na nyuzi 45. CDU inadai nyuzi 5, kwahiyo maji ya jengo yawe 40. Rejeta inadai 8, kwahiyo nje panaweza kufika nyuzi 32 na chila bado imelala. Sasa chukua chipu ileile, pesti imekauka au bamba limefungwa upande, dai limepanda mpaka 0.045 kwa wati. Hizo ni nyuzi 45. Maji sasa lazima yaingie na nyuzi 30, ya jengo 25, na nje pasivuke 17. Nyuzi 15 zote zimeliwa na kitu chembamba kuliko karatasi, na utazinunua kwa kompresa kila saa ambayo nje kuna joto zaidi ya hilo.

Na sio lazima chipu zote ziwe mbaya, hii watu wengi hawaioni kabisa. Maji ni ya pamoja, kwahiyo chipu moja mbovu inaamua nyuzi za maji ya ukumbi mzima, manake alamu yake ndo inayomfanya mtu ashushe chila. Una GPU mia kadhaa zimekaa vizuri kabisa zingeweza kula maji ya nyuzi 40, zinapewa ya 25 kwa ajili ya mbili tatu zilizofungwa vibaya. Ndo maana mimi siangalii wastani. Wastani unapendeza kwenye ripoti ila haukuambii kitu, natafuta ile iliyo juu kuliko zote kwenye kazi ileile na maji yaleyale, alafu nashughulika nayo mpaka ieleweke.

Namna ya kuijua ishu yake ni nini haihitaji mashine kubwa. Seva ina GPU nane, zote zinafanya kazi moja, zinakula wati karibu sawa, moja iko nyuzi tisa juu ya wenzake. Shika sensa ya kubana nje ya mpira, ibane kwenye mpira wa maji yanayotoka kwenye bamba la hiyo GPU, alafu linganisha na mipira ya majirani. Kama maji yanayotoka ni ya moto kuliko ya wenzake, basi maji yanayopita ni machache, kuna kitu kimeziba mifereji au mpira umekunjika, manake wati ni zilezile zimeingia kwenye maji machache zaidi. Kama maji yanayotoka yako sawa na ya wenzake lakini chipu ndo ya moto, basi maji yanapita vizuri tu na joto lote linafika kwenye maji, ila linafika kwa shida, na hapo tatizo liko juu ya chipu yenyewe, pesti au kufungwa. Hii inafanya kazi pale mabamba yanapokuwa sambamba, kila moja na njia yake. Kama yamepangwa kwa mfuatano, maji yakitoka la kwanza yanaingia la pili, basi la mwisho litakuwa na joto zaidi siku zote na hapo unalinganisha na seva nyingine nafasi ileile.

Ukilifungua bamba lenyewe utaona hadithi nzima imeandikwa kwenye pesti. Kwenye bamba lililokaa vizuri pesti imetandaa nyembamba sawasawa, unaiona shaba inang'aa kwa mbali kote. Kwenye bamba lililokaa upande, kona moja ina pesti nene kama ilivyopakwa, kona ya pili imekamuliwa yote, ndo dalili kwamba skrubu moja ilikazwa mpaka mwisho kabla ya zingine kushika. Skrubu zinakazwa kwa kuvuka, kona kwa kona, kidogo kidogo kwa mizunguko, na kwa bisibisi yenye kipimo cha nguvu, sio kwa mkono unavyojisikia. Alafu kuna ile hali ya pesti kusukumwa nje, chipu inapata joto inatanuka, inapoa inasinyaa, kila mzunguko unaikamua pesti kidogo kwenda pembeni mpaka katikati panabaki pakavu, na katikati ndo penye moto mkali. Seva za kufundishia AI zinapanda na kushuka mzigo kila saa kwahiyo hili linakuja haraka. Kwa chipu kubwa mimi naona vile vibandiko vinavyoyeyuka kidogo vikipata joto, au vya chuma laini kama indiamu, vinalipa gharama yake, kwasababu vinabaki pale ulipoviweka.

Tuje kwenye pampu. Kosa la pili baada ya kushusha nyuzi ni kuongeza mtiririko, seva zina joto basi ongeza spidi ya pampu. Nguvu ya pampu inaenda kwa mchemraba wa mtiririko kwenye mabomba ya kawaida, manake ukipunguza mtiririko asilimia 20 tu nguvu inashuka karibu nusu, na ukiongeza asilimia 20 inapanda kwa zaidi ya asilimia 70. Ile raki ya kilowati 120, ukiiendesha kwa tofauti ya nyuzi 5 kati ya maji yanayoingia na yanayotoka inadai lita 344 kwa dakika, ukiiacha ifike tofauti ya nyuzi 10 ni lita 172. Nusu ya maji, na kwa hesabu ya mchemraba ni sehemu moja ya nane ya nguvu ya pampu. Kiuhalisia haifiki hapo, kwasababu ndani ya ile mifereji midogo ya bamba maji yanapita taratibu kwa utulivu na presha inapanda sawia tu na mtiririko, mchemraba uko zaidi kwenye filta, viungio vya haraka na mabomba makubwa. Lakini bado ni umeme mwingi.

Na ukiangalia huo utulivu wa maji ndani ya mifereji, ndo utaona kwanini kuongeza mtiririko hakusaidii kama watu wanavyodhani. Maji yakipita kwa utulivu kwenye mfereji mwembamba, uwezo wa ukuta kuyapa joto hautegemei sana spidi yake. Unachopata ukiongeza mtiririko ni kwamba maji hayapandi sana nyuzi yakiwa ndani ya bamba, hicho tu. Kama yalikuwa yanapanda nyuzi 10 ukaongeza maradufu yatapanda 5, chipu yako itashuka nyuzi chache hivi kwa malipo makubwa ya pampu, na kama yalikuwa yanapanda 4 ukaongeza maradufu umepata nyuzi 2, karibu na bure. Wenye mifumo wanaweka kati ya lita 1 na 1.5 kwa dakika kwa kila kilowati na mimi sioni sababu ya kuvuka hapo mpaka aliyetengeneza seva aseme.

Faida nyingine ya mtiririko mdogo ni kwamba maji yanarudi ya moto. Maji ya moto yakifika kwenye rejeta ya nje yanatoa joto kirahisi kwasababu yako mbali na hewa, feni za juu zinazunguka polepole. Feni nazo zina mchemraba wao. Kwahiyo lita uliyoacha kuisukuma chini inakupa faida tena juu, na hii mara nyingi haionekani kwasababu pampu iko kwenye bajeti ya mtu mmoja na rejeta kwa mtu mwingine.

Ila kuna hatari na lazima niseme. Usiendeshe pampu kwa kufuata mzigo wa seva sekunde kwa sekunde. Kazi za kufundisha modeli za AI zinaruka, maelfu ya chipu zinasimama pamoja kusubiriana na kuanza tena pamoja, vali haiwezi kukimbizana na hilo na ikijaribu inaanza kuyumba, inafungua inafunga, presha inacheza na raki za pembeni zinaumia. Weka kiwango cha chini kisichoshuka, alafu acha udhibiti uende taratibu ukifuata nyuzi za maji yanayorudi kwenye kila raki. Maji yaliyomo ndani ya bamba ni kidogo sana, mtiririko ukikata kwenye chipu ya wati 1,000 una sekunde tu, sio dakika. Kwahiyo pampu mbili na zote ziwe na umeme wa betri, hapo hamna kubana matumizi.

Kitu kinachokula umeme wa pampu kimya kimya ni ugawaji. Maji yanapenda njia nyepesi, raki iliyo karibu na CDU inajazwa kupita kiasi na ile ya mwisho inabaki na kiu. Unakuta fundi anaongeza pampu mpaka ile ya mwisho ipate haki yake, na zote zilizobaki zinaoga maji yasiyo na kazi, yanarudi vuguvugu na kuchanganyika na yale ya moto mpaka tofauti ya nyuzi inakufa. Dawa ni kuzibana zile za karibu. Kuna vali zinazoshika mtiririko uleule hata presha ikibadilika, na kwa jengo jipya unaweza kulaza mabomba raki ya kwanza kupokea ikawa ya mwisho kurudisha, hivyo kila raki inapata njia yenye urefu sawa. Hii ya pili haina kitu cha kuharibika wala cha kurekebisha, nashangaa inavyorukwa ili kuokoa mita chache za bomba. Na ukichanganya seva za aina mbili kwenye mstari mmoja, angalia mabamba yao yanapinga maji kiasi gani, manake yenye mifereji mipana itawanyang'anya wenzake.

Sasa maji yenyewe. Wengi wanatumia PG25, yaani maji yenye asilimia 25 ya propilini glaikoli pamoja na dawa za kuzuia kutu. Ni salama, bakteria hawaipendi kwa kiwango hicho, ila sio bure. Inabeba joto pungufu kidogo ya maji matupu, inapitisha joto kwa shida zaidi, na kwa nyuzi 20 mnato wake ni kama mara mbili ya maji. Maji safi yaliyosafishwa madini na kuwekewa dawa yanapoza vizuri zaidi kwa umeme mdogo, lakini yanadai nidhamu, lazima upime kila mara. Kama timu yako haitapima, baki na PG25. Kibaya kuliko vyote ni kuwa katikati, mfumo unavuja kidogo kidogo, watu wanajazia maji matupu, glaikoli inashuka mpaka haiui tena bakteria na inageuka kuwa chakula chao. Ute wa bakteria ukipata mifereji yenye upana chini ya mikroni 100 huhitaji kuambiwa kitakachofuata. Na hapa tena vuguvugu linasaidia pampu, maji ya nyuzi 40 yana mnato pungufu kwa zaidi ya theluthi ukilinganisha na ya nyuzi 20, yanasukumika kirahisi.

Uchafu mkubwa lakini hauletwi na bakteria, unaletwa siku ya ujenzi. Chembe za kuchomelea, vumbi la chuma la kukatia bomba, vipande vya tepu ya kuzibia maungio ya bomba, vyote vimelala humo vinasubiri pampu iwashwe. Mabomba yaoshwe kwa spidi kubwa kabla hata raki moja haijaunganishwa, yakiwa yamefungwa mpira wa kupita pembeni mahali pa seva, mpaka filta itoke safi. Alafu filta ya kudumu ya mikroni 50 au ndogo zaidi, na presha kabla na baada yake isomwe, kwasababu filta iliyojaa inafanya pampu ipige kelele ya umeme na hakuna anayesikia. Na tafadhali hakuna aluminiamu kwenye mzunguko wenye mabamba ya shaba. Hivyo vyuma viwili ndani ya maji mamoja vinakulana, na mabaki ya kuliwa yanaenda kuziba mifereji.

Nje ya maji bado kuna hewa. Mabamba yakiwa kwenye prosesa na GPU peke yake yanachukua kama asilimia 70 hadi 80 ya joto, kinachobaki ni RAM, diski, kadi za mtandao, vifaa vya umeme, na kinapozwa kwa feni kama zamani. Kwenye raki ya kilowati 120 hiyo asilimia 20 ni kilowati 24, ni raki nzima yenye joto kali kwa vipimo vya miaka iliyopita. Kama utaisahau, chila itaendelea kuwaka kwa ajili yake peke yake. Mlango wa nyuma wenye koili ya maji unaimaliza hapohapo kwenye raki, na maji yanayotoka kwenye mlango yana nyuzi ndogo kiasi kwamba unaweza kuyapeleka moja kwa moja kwenye mabamba kabla hayajarudi, maji mamoja yanafanya kazi mbili.

Hapa niongelee PUE kidogo, kile kipimo cha ufanisi wa umeme wa kituo cha data, manake inapotosha. The Green Grid, muungano wa kampuni za vituo vya data, waliileta mwaka 2007, mwaka 2016 ikawa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 30134-2, ni umeme wote wa jengo ugawe kwa umeme wa seva. Tatizo ni kwamba feni zilizomo ndani ya seva zinahesabiwa kama seva. Jengo lina kilowati 1,000 za seva, kati yake 100 ni feni, na kilowati 300 za kupoza na mengineyo. PUE ni 1.30. Umeweka maji, feni zimepungua kilowati 90, mambo mengine tuseme hayajaguswa bado. Seva sasa 910, jumla 1,210. Umeokoa kilowati 90 za kweli na PUE imepanda kuwa 1.33. Meneja anaangalia namba anaona mradi umeharibu. Mwaka 2013 kilipendekezwa kipimo cha TUE kinachotoa feni na hasara za ndani ya seva pembeni, kinasema ukweli zaidi, lakini kama ni tabu basi angalia tu kilowati kwenye mita kuu kwa kazi ileile iliyofanyika.

Kuhusu kuzamisha seva nzima kwenye kimiminika kisichopitisha umeme, sitakaa sana. Sio kitu kipya, kompyuta kubwa ya Cray-2 ya mwaka 1985 ilizamishwa kwenye Fluorinert, kimiminika cha aina hiyo kutoka kampuni ya 3M. Inamaliza tatizo la ile asilimia 20 kwasababu kila kitu kiko ndani. Ila mafuta yanayotumika humo yana mnato na hayabebi joto kama maji, kwa chipu za wati 1,000 bamba la maji linashinda, na vile vimiminika vinavyochemka kwa nyuzi ndogo vilipata pigo 3M walipotangaza Desemba 2022 kwamba wanaacha kutengeneza kemikali za jamii ya PFAS, ambazo vimiminika hivyo vimo, kufikia mwisho wa 2025. Kwa mashine za kawaida nyingi zilizorundikana inaweza kufaa. Kwa raki za AI mimi nabaki na mabamba.

Kwa wanaoogopa maji ya vuguvugu, hii imefanyika na inafanya kazi miaka mingi. IBM na chuo cha ETH Zurich waliwasha kompyuta kubwa ya Aquasar mwaka 2010 ikinywa maji ya mpaka nyuzi 60, na joto lake likapasha majengo ya chuo. Kompyuta kubwa nyingine, SuperMUC, kule Garching karibu na Munich ikafuata 2012 kwa maji ya vuguvugu. Maabara ya nishati ya Marekani ya NREL kule Colorado, ambayo tangu Desemba 2025 inaitwa National Laboratory of the Rockies, wanaendesha kituo chao kwa PUE ya karibu 1.04 na joto linapasha ofisi. ASHRAE, chama cha wahandisi wa kupasha na kupoza majengo, wana madaraja ya maji ya jengo, W32, W40, W45, namba ndo nyuzi za juu kabisa ambazo maji yanaweza kuingia nazo, kwahiyo ukinunua seva uliza daraja gani inakubali, liandikwe kwenye mkataba. Ujerumani nayo kwa sheria ya ufanisi wa nishati ya 2023 inataka vituo vipya vinavyoanza kazi kuanzia Julai 2026 viwe vinatumia tena angalau asilimia 10 ya nishati yake, na hakuna mtu anayetaka kununua joto la nyuzi 25, la nyuzi 55 lina wateja. Na pale wanapotumia minara ya kuvukiza maji, kila kilowati saa ya joto inaondoka na lita moja na nusu hivi ya maji. Rejeta kavu haitumii hata tone, ila inataka maji yarudi ya moto ndo ifanye kazi siku ya joto.

Kuna mpaka wake lakini. Chipu ikiwa ya moto inavujisha umeme zaidi, transista zilizozimwa bado zinapitisha kidogo na hicho kidogo kinakua kadri nyuzi zinavyopanda, kwahiyo kuna mahali ambapo umeme uliookoa kwenye chila na feni unaanza kuliwa na seva zenyewe. Mahali hapo panatofautiana kwa kila chipu na kila jengo, na hakuna jedwali litakalokupa, unapatafuta kwa mkono.

Mimi napatafuta hivi. Kwanza nashughulikia zile chipu za moto kupita wenzake mpaka zinarudi kundini, nasawazisha raki, nashusha mtiririko mpaka tofauti ya nyuzi inafika karibu 10. Baada ya hapo ndo nagusa nyuzi za maji, napandisha moja tu, naacha seva zikiwa na mzigo kamili mpaka kila kitu kitulie, kwanza chipu alafu mabomba alafu rejeta za juu ambazo zinachelewa kuliko vyote. Nasoma vitu viwili tu, chipu iliyo juu kuliko zote na mita kuu ya jengo. Napandisha tena. Mahali fulani njiani kompresa inaanza kujizima kwa vipindi virefu, mabomba yanaacha kutoa jasho kwasababu maji yameshavuka kiwango cha umande na huhitaji tena kuyafunga sponji. Naendelea mpaka mojawapo kati ya mawili itokee, chipu ya juu imebakiza nafasi ambayo mtengenezaji anaitaka, au mita kuu imeacha kushuka na kuanza kupanda. Hapo narudi nyuzi mbili nyuma, naandika namba kwenye karatasi na kuibandika kwenye paneli ya chila, pamoja na jina la chipu iliyonizuia, ili atakayekuja baada yangu na kutaka kushusha nyuzi aanze na hiyo chipu.